Protini imepotea njia: kutafuta chanzo, dalili kwa dalili

Protini isipoonekana pale ulipoitegemea, usikimbilie kusema seli zimeharibika. Mara nyingi seli imefanya kazi yake bila kosa: imesoma maelekezo iliyopewa na kuupeleka mzigo kule ilikoambiwa. Kasoro iko kwenye maelekezo, na kwa kawaida maelekezo hayo umeyaandika wewe mwenyewe, siku ile ulipounganisha jeni yako na lebo ya GFP, protini inayong'aa kijani.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi na mafundi wa maabara hapa Dar es Salaam wanaofanya kazi na hamira, seli za binadamu zinazokuzwa kwenye chupa, au vimelea vya malaria. Kuna sehemu moja pia kwa walimu wa kidato cha tano na sita wasio na hadubini ya maana. Tafuta dalili inayofanana na yako. Si lazima usome zote.

Maswali matatu, kwa mpangilio huu

Binadamu ana jeni takriban 20,000 za kutengeneza protini, na karibu protini zote huanzia kwenye ribosomu zilizo katika saitosoli, ule ute unaozunguka viungo vya ndani ya seli. Hata mitokondria, yenye DNA yake, kwa binadamu hujitengenezea protini 13 tu. Zaidi ya 1,000 nyingine hutengenezwa nje yake na kuingizwa. Zinajuaje pa kwenda? Mwaka 1975 Günter Blobel na Bernhard Dobberstein walionyesha kwamba protini inayotolewa nje ya seli hubeba anwani yake ndani ya mnyororo wenyewe wa asidi amino. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kumpa Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Kwa kuwa anwani iko ndani ya mnyororo, uchunguzi una mpangilio wake. Kwanza, anwani ipo? Pili, inasomeka, au imefunikwa, au mkunjo wa protini umeificha? Tatu, mpokeaji yupo na mlango unafanya kazi? Wengi huanzia la tatu kwa sababu ndilo lenye mvuto. Wanaagiza kwa dola dawa za kuzuia hiki na kile, wanasubiri mzigo utoke uwanja wa ndege, kumbe jibu lilikuwa kwenye faili la mfuatano wa jeni, bure kabisa.

Kuna jambo jingine la kushika kabla ya kuendelea: kukosa anwani nako kuna mahali pake. Protini isiyo na ishara yoyote hubaki saitosoli. Iliyokwisha kuingia retikulamu endoplazimu, wavu wa tando ambako safari ya kutoka nje huanzia, ikiwa ni ya kuyeyuka na haina ishara nyingine, hupitia Golgi, kituo cha kupanga mizigo, na kumwagwa nje ya seli. Kwa hiyo "imebaki saitosoli" na "imetoka nje" zote zinaweza kuwa dalili za kukosa anwani, ila zinakutuma kutafuta sehemu tofauti.

Dalili: kijani kimetapakaa seli nzima, hadi ndani ya kiini

Hii ndiyo inayoletwa kuliko zote. Kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba protini yako ni ya kiini, pitisha sampuli kwenye jeli, kisha itafute kwa kingamwili ya GFP. GFP peke yake ina kilodaltoni 27. Ukiona mstari hapo kwenye 27, na pale panapotakiwa kuwa na protini yako nzima hakuna kitu, basi unachokitazama kwenye hadubini ni GFP iliyokatika na kubaki yatima. Matundu ya utando wa kiini huacha vitu vidogo vipite bila kuulizwa, hadi kama kilodaltoni 40 hivi, ndiyo maana GFP tupu hujaa kila mahali. Kiini huonekana kimeng'aa zaidi kwa sababu hakina viungo vingine vya kugombea nafasi.

Ukiona mstari wa ukubwa kamili, shuku mahali ulipoiweka lebo. Ishara ya kuingia retikulamu hukaa mwanzoni mwa mnyororo: asidi amino kama 16 hadi 30, na katikati yake zile zisizopenda maji. Ishara ya mitokondria nayo kwa kawaida iko mwanzoni, inajikunja kama msokoto wenye chaji chanya upande mmoja. Ukitanguliza GFP, ishara inajikuta katikati ya mnyororo. Ni sawa na kubandika stika ya bei juu ya jina la mji kwenye mzigo wa basi: jina lipo, ila hakuna konda atakayelisoma. Hamishia GFP mwishoni.

Lakini usiihamishie mwishoni kwa mazoea. Protini nyingi za peroksisomu, kiungo kingine kidogo cha seli, hutambuliwa kwa asidi amino tatu za mwisho kabisa: serini, lisini, leusini, kwa kifupi SKL. Ishara hii ilipatikana miaka ya 1980 kwenye lusiferasi, kimeng'enya kinachomfanya kimulimuli awake. Mpokeaji wake, PEX5, anashika mkia tu. Fungua faili lako, shuka hadi mwisho, tafuta kodoni ya kusimamisha, yaani herufi tatu za DNA zinazomaliza mnyororo. Kama SKL imekaa mara tu kabla ya kodoni hiyo, uko salama. Kama baada ya SKL kuna asidi amino kadhaa za plazimidi (duara la DNA linalobeba jeni yako) kwa sababu praima yako (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili) iliiacha kodoni ya kusimamisha, anwani imekufa. Zikiwa tatu, zikiwa thelathini, PEX5 haimwonei mtu huruma. Kwa protini ya namna hii GFP inakaa mbele.

Na kama protini yako ina ishara mwanzoni na mkia wenye kazi pia, ingiza GFP katikati, mara tu baada ya sehemu ambako ishara ya mwanzo hukatwa. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa wiki, si wa muhula mzima.

Kwa mitokondria kuna sababu ya ziada ya kijani kutapakaa, kwa kuwa mlango wake una masharti. Protini lazima ipite ikiwa imenyooka, haijakunjika, na ile ishara yenye chaji chanya huvutwa ndani na tofauti ya umeme iliyopo kwenye utando wa ndani. Tofauti hiyo ikishuka, hata anwani safi haisaidii. Seli zilizolala usiku kucha ndani ya inkubeta iliyozimika, umeme umekatika na jenereta haikuwaka, zinaweza kukupa picha hiyo hiyo ya kijani kilichotapakaa. Zipake rangi inayokusanywa na mitokondria zenye chaji tu, TMRM kwa mfano. Rangi isipokusanyika, acha kulaumu plazimidi. Anza na seli nyingine.

Kinyume chake, protini ya kiini iliyogoma kuingia kiini, ukaguzi wake ni mfupi. Ishara maarufu ya huko, ile ya antijeni T ya virusi vya SV40, ni herufi saba, kila moja ikisimamia asidi amino: PKKKRKV (K ni lisini). Mwaka 1984 ilionyeshwa kwamba kubadilisha lisini moja ndani yake kunatosha kuiacha protini nje ya kiini. Kwa hiyo kosa la herufi moja kwenye praima linatosha kukuharibia mradi. Soma mfuatano tena, na usisome ule uliouagiza, soma uliorudi.

Dalili: wavu unaoanzia ukingo wa kiini, na hausogei mbele

Wavu mwembamba uliosambaa kutoka ukingo wa kiini ni retikulamu. Protini yako ikiwa ni ya huko, hongera. Ikiwa ilitakiwa kukaa kwenye utando wa nje wa seli, imekwama, na mtuhumiwa wa kwanza ni mkunjo.

Retikulamu haipitishi protini iliyojikunja vibaya. Inaishikilia, inaipa nafasi ya kujirekebisha, na ikishindwa inaitoa nje ili ikatwekatwe na proteasomu. Ukali wake wakati mwingine unapita kiasi. Watu wengi wenye ugonjwa wa sistiki faibrosisi wana protini ya CFTR, njia ya kloridi kwenye utando wa seli, iliyopungukiwa na asidi amino moja tu, fenilalanini ya nafasi ya 508. CFTR hiyo ikifika kwenye utando inaweza kupitisha kloridi kwa kiasi fulani, lakini sehemu kubwa haifiki; inazuiwa retikulamu na kuharibiwa. Mwaka 1992 ikaonekana kwamba seli zikikuzwa kwenye joto la chini, nyuzi kama 27, baadhi ya CFTR hiyo hupenya na kufika.

Hilo linakupa kipimo rahisi. Shusha joto. Inkubeta ya kawaida haiwezi kushuka chini ya joto la chumba, na chumba cha Dar mwezi wa pili kinaweza kuwa na nyuzi 32, kwa hiyo hapa inkubeta haikusaidii. Tumia midia (maji yenye virutubisho vya kukuzia seli) yenye HEPES, kemikali ya kutuliza pH, funga chupa vizuri, iweke kwenye chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 27, uiangalie kesho yake. Protini ikianza kuonekana kwenye utando, tatizo ni mkunjo, na utaanza kufikiria kupunguza kasi ya utengenezaji au kurudisha asidi amino uliyoibadilisha. Ikiganda palepale, endelea kutafuta.

Kuna kipimo cha kukuambia imekwama kabla au baada ya Golgi, na ni miongoni mwa vipimo ninavyovipenda kwa sababu hakihitaji hadubini. Protini nyingi zinazoingia retikulamu huvishwa sukari kwenye asparajini, pale inapofuatwa na asidi amino yoyote isiyo prolini, kisha serini au threonini. Sukari hiyo ikiwa bado ya retikulamu, kimeng'enya cha Endo H huikata. Ikishapita sehemu ya kati ya Golgi na kufanyiwa marekebisho, Endo H haiiwezi tena. Kimeng'enya kingine, PNGase F, hukata zote mbili. Gawa sampuli mara tatu: moja bila kitu, moja na Endo H, moja na PNGase F, uzipange pamoja kwenye jeli. Mstari wa Endo H ukishuka hadi usawa wa PNGase F, protini haijavuka Golgi. Ukibaki juu, usawa wa ile isiyoguswa, imevuka, na unachokiita kukwama kimetokea mbele zaidi. Mistari yote mitatu ikiwa usawa mmoja, protini yako haina sukari ya namna hii na kipimo hakijakuambia lolote. Na usikitumie kwa hamira: sukari zao hubaki za manosi hata baada ya Golgi, kwa hiyo Endo H itakata tu na wewe utadanganyika.

Sababu nyingine ni wingi. Plazimidi yenye promota kali, yaani swichi ya kuwasha jeni kwa nguvu, inaweza kujaza retikulamu kupita uwezo wake, na GFP ya kawaida ina tabia ya kushikana mbili mbili, jambo linaloweza kubandika tabaka za retikulamu moja juu ya nyingine hadi zionekane kama mafundo yanayong'aa. Tumia GFP yenye badiliko la A206K, isiyoshikana, na upunguze DNA unayoingiza. Halafu tazama seli zilizofifia. Mtindo wa kuchagua seli inayong'aa kuliko zote kwa ajili ya picha ya ripoti ni wa kuachwa. Seli hiyo ndiyo iliyozidiwa.

Mwisho, kagua mkia wa plazimidi uliyoirithi kwa waliokutangulia. Herufi za KDEL mwishoni, au HDEL kwa hamira, zina maana ya kurudishwa retikulamu. Protini yenye KDEL haijafungiwa humo. Huponyoka hadi Golgi, hushikwa na mpokeaji na kurejeshwa ndani ya vifuko. Ukitengeneza protini hiyo kwa wingi mno, wapokeaji huzidiwa na nyingine humwagika nje, na hapo unajikuta na dalili inayofuata.

Dalili: imekutwa nje, kwenye midia

Kwanza ondoa uwezekano wa seli zilizopasuka. Pima LDH kwenye midia. Ni kimeng'enya cha saitosoli kisicho na safari ya nje, kikionekana kwa wingi ujue seli zimekufa na zimevuja. Kumbuka pia kwamba midia yenye seramu ya ndama ina vimeng'enya vya ndama. Pima midia mpya isiyowahi kugusa seli.

Kama uvujaji haupo na kilichotoka ni kimeng'enya cha lisosomu, kiungo cha seli cha kumeng'enya taka, uliza swali moja: kimetoka peke yake, au kimetoka na wenzake? Kikiwa peke yake, kasoro ni yake. Wakiwa wengi, kasoro ni ya anayeandika anwani. Mfano mzuri ni ugonjwa wa I-cell, ulioelezwa na Jules Leroy na Robert DeMars mwaka 1967. Seli za ngozi za watoto wenye ugonjwa huo zilijaa vitu visivyomeng'enywa, lakini vimeng'enya vya lisosomu vilikuwa tele kwenye damu yao. Vyenyewe vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni kimeng'enya kimoja cha Golgi kinachoanzisha alama ya fosfeti kwenye manosi, alama inayosomwa na mpokeaji wa kwenda lisosomu. Bila alama hiyo vyote vikafuata njia ya wasio na anwani: nje.

Dalili: imefika kwenye kiungo, ila kiungo siyo

Hutokea protini ikiwa na anwani mbili zinazoshindana. Kimeng'enya cha AGT kwenye ini la binadamu kinatakiwa peroksisomu. Badiliko moja la kawaida kwa watu wengi, prolini ya nafasi ya 11 kuwa leusini, huupa mwanzo wa mnyororo sura ya ishara dhaifu ya mitokondria. Peke yake halina madhara makubwa, kwa sababu AGT hujikunja na kushikana mbili mbili haraka, na iliyokunjika haipiti mlango wa mitokondria. Peroksisomu ndiyo inayoweza kupokea protini ikiwa imeshakunjika. Likiongezeka badiliko la pili, glisini ya 170 kuwa arjinini, kujikunja kunachelewa na mitokondria zinaiwahi. Kimeng'enya kinafanya kazi, lakini mahali si pake, oksaleti inarundikana na mgonjwa anapata mawe kwenye figo.

Kwa hiyo kagua ncha zote mbili, na ujiulize ni ipi inayosomwa kwanza.

Dalili: iliwaka, kisha ikazimika

Usiseme imeharibiwa. Ndani ya lisosomu pH ni kama 4.5 hadi 5, na vakuoli ya hamira nayo ina tindikali. GFP ya kawaida hufifia pH ikishuka chini ya 6. Rudia kwa mCherry, inayostahimili. Ikiwaka, protini ilifika salama na taa ndiyo iliyozimwa.

Dalili: hamira za sec zimeziba kabla hujapandisha joto

Hili ni tatizo la hapa kwetu hasa, na maelekezo kutoka nchi za baridi hayalitaji. Peter Novick na Randy Schekman, kule Berkeley, Marekani, walitenga hamira zinazoshindwa kutoa protini nje zikipashwa joto. Ya kwanza, sec1, waliitangaza mwaka 1979, na mwaka uliofuata orodha ikafika jeni 23. Schekman alipata Nobel mwaka 2013 pamoja na James Rothman na Thomas Südhof. Uzuri wa hamira hizi ni kwamba kwenye nyuzi 25 hivi zinaishi kama nyingine, na kwenye 37 njia inaziba na vifuko vinarundikana ndani.

Maelekezo husema "kuza kwenye joto la chumba." Joto la chumba gani? Likiwa nyuzi 31 hapa Mikocheni, baadhi ya hamira hizo zinakuwa tayari nusu zimeziba, zinakua kwa kusuasua, na ukija kupandisha hadi 37 huoni tofauti. Mwanafunzi anaandika kwamba badiliko halina athari, wakati athari ilianza tangu jana yake.

Weka kipimajoto ndani ya chupa ya maji pembeni ya chupa za hamira, usiamini namba ya mlangoni. Kama hakuna inkubeta yenye kupoza, beseni la maji ndani ya chumba chenye kiyoyozi hushika joto vizuri kuliko hewa, na umeme ukikatika kwa muda mfupi maji hayapandi haraka. Tena kuza hamira za kawaida kando yake kila mara. Zote mbili zikizorota, shuku midia. Ikizorota ya sec peke yake, ni joto.

Dalili, kwa walimu: stripu haibadiliki rangi, au inabadilika kote

Kimeng'enya kilekile alichokitumia Schekman kufuatilia hamira zake, invatasi, kinaweza kuonyeshwa darasani kwa stripu za kupima sukari kwenye mkojo, zile za duka la dawa, na hamira kavu ya dukani. Stripu inatambua glukosi tu, haitambui sukari ya mezani. Yeyusha kijiko cha sukari kwenye glasi ya maji, chovya stripu: haibadiliki. Ongeza hamira iliyolowekwa, subiri dakika chache, chovya nyingine: imebadilika. Sukari imepasuliwa kuwa glukosi na fruktosi nje ya utando wa hamira, kwa sababu invatasi imetolewa nje na kukaa kati ya utando na ukuta wa seli.

Isipobadilika popote, anza na stripu. Unyevu wa Dar huziua kichupa kikiachwa wazi. Chovya moja kwenye maji yenye glukosi ya unga. Ikigoma, nunua kichupa kingine. Hakikisha pia ni hamira kweli, maana wapo wanaopewa baking powda.

Ikibadilika kwenye sukari pekee, kijiko kimetumika kwenye hamira, au sukari imechemshwa na ndimu, kwa kuwa tindikali na moto nazo huipasua sukari. Weka pia glasi ya hamira iliyochemshwa vizuri. Hiyo haitakiwi kubadili kitu.

Tatizo la kuvutia zaidi ni pale maji ya juu, baada ya hamira kutuama, nayo yanapopasua sukari. Wanafunzi watasema kimetolewa hadi kwenye maji. Huenda. Lakini hamira kavu ikilowekwa kwenye maji baridi, tando zake huvuja kabla hazijajipanga sawasawa, na vya ndani hutoka. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, na uvujaji unapungua. Hilo linakuwa somo la uhakika wa ushahidi: kukuta kitu nje si sawa na kuthibitisha kilitumwa nje. Na darasa likiwa jepesi kuelewa, waongezee hili lililoonyeshwa mwaka 1982: jeni moja, SUC2, hutoa RNA mbili, ndefu yenye ishara ya kuingia retikulamu na fupi isiyo nayo. Invatasi moja hutoka nje, nyingine hubaki saitosoli.

Dalili: mRDT ina mistari miwili, BS haina kitu

Hii ni ya mafundi wa zahanati, na sababu yake ni hii hii ya anwani: mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, kinasema malaria ipo, ila BS, damu iliyotazamwa kwa hadubini, haionyeshi vimelea. Kimelea cha Plasmodium falciparum huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu, ambayo haina kiini wala retikulamu. Hakuna mfumo wa kusafirisha protini wa kukodi humo, kwa hiyo kimelea hujenga wake. Protini nyingi anazozituma ndani ya chembe hiyo hubeba ishara fupi iitwayo PEXEL, iliyotangazwa mwaka 2004. Hukatwa na plazimepsini V ndani ya retikulamu ya kimelea, kisha protini hupitishwa kwenye lango la PTEX kuvuka kifuko kinachomzunguka. Mojawapo ya protini hizo ni HRP2, ambayo ndiyo mRDT nyingi huitafuta. Chembe ikipasuka, HRP2 humwagika kwenye damu.

Kwa hiyo sababu ya kwanza: mtu amemaliza dawa mseto, vimelea vimekufa, lakini HRP2 bado inazunguka. Inaweza kukaa kwa wiki kadhaa. Muulize alitumia dawa lini. Kipimo chenye mstari wa pLDH hutenganisha, kwa sababu pLDH ni kimeng'enya cha ndani ya kimelea na hupungua haraka kimelea kikifa.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, msiipite. Protini nyingine zinazosafirishwa hufanya chembe iliyoambukizwa inate kwenye kuta za mishipa midogo, na kwa mjamzito, kwenye kondo la nyuma. Vimelea vilivyokomaa havizunguki, tone la kidoleni halina kitu, wakati HRP2 inazunguka kama kawaida. Kwa mjamzito mwenye homa ambaye hajatumia dawa, BS tupu haifuti mistari miwili.

Ikiwa ni kinyume, BS ina vimelea na mRDT haina mstari wa pili, rudi nyuma hata ya swali la kwanza: protini yenyewe ipo? Inawezekana ni aina nyingine ya Plasmodium isiyotengeneza HRP2. Inawezekana ni falciparum iliyopoteza jeni yenyewe, kama ilivyothibitishwa Eritrea, Ethiopia na Djibouti. Hapo kuchunguza anwani ni kupoteza muda. Dondosha damu kwenye karatasi ya chujio, iache ikauke kivulini, ifunge kwenye mfuko pamoja na silika, uipeleke kwa PCR, kipimo cha kutafuta DNA yenyewe. Na kwa unyevu wetu, silika ikibadilika rangi ibadilishe kabla sampuli haijaondoka.